Mkandarasi anunue nini kwanza: programu ya zabuni au ya nyaraka?

Kampuni ya ujenzi ikishakuwa na saiti tatu kwa wakati mmoja na wakadiriaji majenzi wawili ofisini, Excel na kabati la mafaili huanza kuzidiwa. Hapo ndipo wauzaji wa programu wanapobisha hodi, kila mmoja akiahidi kwamba yake inamaliza zabuni na nyaraka mahali pamoja. Ahadi hiyo inachanganya vitu viwili. Programu ya zabuni inajibu swali moja: kazi hii itatugharimu kiasi gani, na tuombe bei gani? Programu ya nyaraka inajibu jingine kabisa: nani alimwandikia nani, lini, alisema nini, na toleo lipi la mchoro ndilo halali leo?

Kwa mkandarasi wa Tanzania anayetegemea zabuni za umma, nasema fedha za kwanza ziende kwenye nyaraka. Programu ya zabuni ni chombo kizuri na nitaeleza inapostahili kununuliwa, lakini kampuni nyingi hutolewa kwenye tathmini kabla bei yao haijasomwa, na nyingine hushinda kisha zikapoteza faida yote kwa sababu haziwezi kuonyesha karatasi ya kile walichoagizwa kufanya. Hasara zote mbili ni za nyaraka.

Kwanza tuiweke NeST mahali pake. Mfumo huu wa ununuzi wa serikali uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023 ni dirisha la kupokelea matangazo na kuwasilishia zabuni. Haukupimii michoro, haukuchambulii bei ya mita moja ya ujazo ya zege, na haukutunzii barua za saiti. Wapo wanaodhani kwa kuwa cheti kimeshapakiwa huko basi kimehifadhiwa. Kilichopakiwa kwenye dirisha la mtu mwingine ni nakala tu, na asili yake inatakiwa iwe kwako, yenye jina linaloeleweka na tarehe ya ukomo iliyoandikwa mahali. Jambo la pili kuhusu dirisha hilo ni akaunti yenyewe. Isajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, ya aina ya zabuni@ ikifuatiwa na jina la kampuni, na namba ya simu inayomilikiwa na kampuni. Akaunti ikiwa kwenye barua pepe binafsi ya kijana wa ununuzi, siku akiacha kazi mnabaki mnaomba nywila yenu wenyewe kwa mtu asiyewajibika tena kwenu.

Zabuni hufia kwenye karatasi

Tazama mzigo wa karatasi unaoambatana na zabuni moja ya jengo la ghorofa mbili. Usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na uthibitisho wa ada ya mwaka. Leseni ya biashara. Uthibitisho wa ulipaji kodi. Nyaraka za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Hati ya uwakilishi inayomtaja anayesaini zabuni. Hesabu zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Wasifu wa wahandisi na mafundi sanifu, pamoja na usajili wao ulio hai. Kadi za magari na mitambo, au mkataba wa kukodisha. Kwa kila kazi ya awali unayoidai kama uzoefu kunatakiwa vitu vitatu: barua ya kukubaliwa, mkataba uliosainiwa na cheti cha kukamilisha kazi. Kampuni nyingi zina viwili kati ya hivyo vitatu. Cheti cha kukamilisha ndicho hukosekana, kwa sababu hakuna aliyekidai kazi ilipoisha, na mhandisi aliyetakiwa kukisaini amehamishwa mkoa.

Kinachofanya orodha hii iwe ngumu ni tarehe. Karibu kila karatasi hapo ina siku ya kufa, na siku hizo hazifanani. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya mfumo wa nyaraka, hata kabla ya kununua chochote, ni rejista yenye safu saba: jina la waraka, namba yake, aliyeutoa, tarehe ya kutolewa, tarehe ya ukomo, mtu anayewajibika kuuhuisha, na mahali faili lilipo. Weka tahadhari tatu za kalenda: siku 60, siku 30 na siku 7 kabla ya ukomo. Siku 60 zinaonekana nyingi mpaka ukutane na uthibitisho wa kodi uliokwama kwa sababu ritani ya miezi minne iliyopita haikuwasilishwa.

Dhamana ya zabuni inastahili uangalizi wa pekee. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia hutaka dhamana iishi siku 28 zaidi ya muda wa uhalali wa zabuni. Zabuni ikiwa na uhalali wa siku 120, dhamana inahitaji siku 148 kuanzia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Kosa linalojirudia halitokani na kutojua hesabu hiyo. Benki hutoa dhamana yenye tarehe maalumu ya ukomo, kisha taasisi nunuzi inasogeza mbele tarehe ya kufungua zabuni kwa wiki mbili, na hakuna anayekumbuka kwamba dhamana iliyokwisha kuchapwa sasa imepungua siku 14. Mfumo wa nyaraka unaofaa huunganisha taarifa ya kuahirisha na dhamana, kiasi kwamba anayepokea taarifa analazimika kuifungua dhamana na kuikagua. Programu ya zabuni haina habari na jambo hili. Kwayo, dhamana ni mstari mmoja wa gharama.

Programu ya zabuni inafanya nini hasa

Ina kazi tatu, na si kila programu inafanya zote. Ya kwanza ni kupima michoro kwenye skrini: PlanSwift, Bluebeam Revu, STACK. Ya pili ni kujenga bei za BOQ, yaani jedwali la kazi, vipimo na bei, kutoka kwenye vifaa, vibarua na mitambo: hapa Candy iliyotoka Afrika Kusini inajulikana sana barani. Ya tatu ni kualika wakandarasi wadogo na kulinganisha bei zao: BuildingConnected ya Autodesk ni mfano.

Kupima michoro kwenye skrini kunaokoa muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote, na pia ndiko kosa moja linaweza kuangusha kampuni. Mchoro ulioandaliwa kwa karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:100 mara nyingi hufika kama PDF iliyopunguzwa hadi A3. Urefu wote kwenye karatasi umepungua kwa nusu, kwa hiyo kipimo halisi sasa ni 1:200, lakini maandishi pembeni bado yanasema 1:100. Mkadiriaji akiyaamini maandishi, kila urefu utasomeka nusu na kila eneo robo. Sakafu ya mita 20 kwa 12.5, yaani mita za mraba 250, itasomeka 62.5. Kwa unene wa milimita 150 zege inayohitajika ni mita za ujazo 37.5, lakini jedwali litaonyesha 9.4. Zilizobaki, zaidi ya mita za ujazo 28, zitatoka mfukoni mwa mkandarasi endapo ameomba bei ya jumla isiyopimwa upya.

Kinga yake inachukua dakika mbili. Usichague kipimo kwenye orodha ya programu. Chukua umbali wa mlalo ulioandikwa namba kwenye mchoro, mrefu kadiri iwezekanavyo, uipe programu umbali huo, kisha upime umbali mwingine ulioandikwa, safari hii wa wima. Kama wa mlalo unakubali na wa wima umekataa, PDF imenyooshwa upande mmoja wakati wa kuskani, na ukurasa huo haupimiki. Rudia kwa kila ukurasa, kwa sababu seti moja ya michoro huweza kubeba vipimo vitatu tofauti.

Kujenga bei ndiko Excel inakoshindwa polepole. Chukua zege ya 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa kutumia kizidisho cha 1.54 cha ujazo mkavu (vifaa vikavu huchukua nafasi kubwa kuliko zege iliyokamilika), mita moja ya ujazo inakula takriban kilo 317 za saruji, yaani mifuko 6.3 ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto 0.88. Ukiongeza asilimia 5 ya upotevu, saruji inakuwa mifuko 6.65. Kwa sakafu yetu hiyo ni mifuko 249. Mfuko ukipanda kwa shilingi 1,000, gharama inapanda kwa karibu shilingi 250,000 kwa sakafu moja tu. Kwenye programu ya bei, unabadilisha bei ya saruji mara moja na kila kipengele kinachoitumia kinafuata: zege, plasta, matofali, ujenzi wa msingi. Kwenye Excel iliyorithiwa kutoka zabuni tatu zilizopita, bei ya saruji imeandikwa kwa mkono kwenye seli kumi na saba, na mbili kati yake ziko kwenye safu iliyofichwa.

Kuna makosa mengine ya Excel ambayo kila mkadiriaji anayajua na bado yanatokea. Mstari ulioongezwa chini kabisa ya orodha hauingii kwenye jumla, kwa sababu fomula inaishia mstari wa juu yake. Namba iliyonakiliwa kutoka PDF inabaki kuwa maandishi, na jumla inairuka bila kulalamika. Bei ya shilingi milioni 500 inawasilishwa bila VAT mahali palipotaka bei yenye VAT. Kwa asilimia 18, pengo ni milioni 90. Na lipo la faida. Ukisema faida asilimia 10 ukazidisha gharama ya milioni 400 kwa 1.10, unapata milioni 440, na faida yako ni asilimia 9.1 ya bei. Ukitaka faida iwe asilimia 10 ya bei, gawanya 400 kwa 0.90, upate milioni 444.4. Programu nyingi zina vifungo viwili kwa hesabu hizo mbili, na anayebonyeza bila kusoma hupoteza milioni 4.4 kwenye kazi moja.

Tatizo la programu kubwa kutoka Marekani linajificha kwenye mpangilio wake. Hifadhidata zake za bei zimejengwa kwa dola, futi na paundi, na vipengele vyake vimepangwa kwa MasterFormat, utaratibu wa Amerika Kaskazini ambao tangu 2004 una mafungu 50. BOQ zetu zimetoka kwenye mila ya Uingereza ya kupima kazi: zege hupimwa kwa mita za ujazo kwa mahali ilipo, boksi (mbao za kushikilia zege) hupimwa peke yake kwa mita za mraba, nondo peke yake kwa kilo. Kubadilisha fedha kuwa shilingi ni rahisi. Kupanga upya mafungu ili yalingane na BOQ iliyotolewa na taasisi nunuzi ni kazi ya wiki kadhaa, na unapaswa kurudisha bei zako kwenye BOQ yao ileile, mstari kwa mstari, bila kugusa maelezo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: programu yako inaweza kuingiza BOQ ya Excel yenye kurasa 60, ikatunza namba za vipengele jinsi zilivyo, na kuitoa hivyohivyo ikiwa na bei? Kama jibu linaanza na maelezo marefu, jibu ni hapana.

Sehemu ya kualika wakandarasi wadogo naipita haraka. Nguvu ya BuildingConnected ni orodha ya wakandarasi wadogo waliokwisha kujiunga, na orodha hiyo iko Amerika Kaskazini. Fundi wa alumini wa Mwanza na msambazaji wa vifaa vya umeme wa Kariakoo wako kwenye simu, watatuma bei kwa WhatsApp, na hakuna programu itakayowabadilisha kwa ajili ya zabuni moja. Wape fomu ya ukurasa mmoja wajaze, na uilipie simu.

Mahali vyombo viwili vinapokutana

Wauzaji wakubwa wenyewe wanajua kwamba bei na nyaraka haziwezi kuishi mbalimbali. Oracle ilipoinunua Aconex mwaka 2018, ilikuwa inanunua mfumo wa nyaraka za miradi uliozaliwa Australia. Autodesk ilitangaza kuzinunua PlanGrid ya michoro na BuildingConnected ya zabuni karibu wakati mmoja, mwishoni mwa 2018. Procore iliyoanza kwenye usimamizi wa saiti ikainunua Esticom ya makadirio mwaka 2020. Wote wanakimbilia katikati, na katikati hapo pana kitu kimoja: toleo la mchoro.

Kwa kawaida mambo huharibika hivi. Mkadiriaji anapakua michoro siku zabuni inapotangazwa na kuanza kupima. Siku ya kumi na mbili taasisi nunuzi inatoa ufafanuzi wenye michoro mipya minne ya toleo C. Anayesimamia akaunti anaipakua na kuiweka kwenye folda inayoitwa "Ufafanuzi". Mkadiriaji haoni. Anamaliza kupima toleo B, bei inajengwa, inasainiwa, inawasilishwa. Nguzo zilizoongezwa kwenye toleo C hazimo. Programu ya kupima ilikuwa sahihi kwa senti, lakini iliwekewa mchoro uliokufa.

Dawa ni utaratibu unaochosha kidogo mwanzoni. Mchoro hauingii kwenye programu ya kupima ila kutoka folda moja tu, yenye michoro halali. Mchoro mpya ukifika, wa zamani unahamishiwa folda ya "Umebatilishwa" siku hiyohiyo. Haufutwi, kwa sababu siku ya madai utauhitaji. Kisha unawekwa mpya juu ya wa zamani: Bluebeam ina uwezo wa kulaza kurasa mbili kwa rangi mbili na kuonyesha kilichobadilika. Mkadiriaji anasaini kwenye rejista ya michoro kwamba ameona toleo C, kwa tarehe. Kabla ya bei kusainiwa, mtu mwingine, asiwe yeye, analinganisha namba za matoleo kwenye jedwali la vipimo na rejista hiyo. Kazi hiyo ni ya nusu saa.

Majina ya mafaili yafuate mpango mmoja. ISO 19650 ya mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi, inatoa msingi, na kampuni ndogo inaweza kuufupisha: tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kifupisho cha mradi, aina ya waraka, namba ya mfululizo, toleo. Kwa mfano 2025-03-14_MWZ01_BARUA_0042_R0. Tarehe ikianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe. Epuka maneno kama "mpya", "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa". Epuka pia folda ndani ya folda mpaka ngazi ya nane: Windows kwa kawaida huishia herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na folda zilizosawazishwa kutoka SharePoint au Google Drive hukwama kimyakimya zikivuka hapo. Faili linaonekana kwenye kompyuta moja na halionekani kwenye nyingine, na watu wanaanza kulaumu intaneti.

Baada ya kushinda

Hapa ndipo msimamo wangu una uzito zaidi. Programu ya zabuni inamaliza kazi yake siku barua ya kukubaliwa inapofika. Nyaraka zinaanza siku hiyo na kuendelea mpaka kipindi cha matazamio (muda wa kurekebisha kasoro) kiishe na hati ya mwisho isainiwe.

Chini ya FIDIC, masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, Kitabu Chekundu cha 1999, mkandarasi anayedai nyongeza ya muda au malipo ya ziada anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lenyewe. Akichelewa, haki inapotea. Madai kamili yenye vielelezo yafuate ndani ya siku 42. Kitabu hichohicho kinasema mhandisi akitoa agizo la mdomo, mkandarasi anaweza kulithibitisha kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi, na mhandisi asipolikataa kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi baada ya kupokea, uthibitisho huo unakuwa agizo la maandishi. Mikataba ya taasisi zetu ina masharti yake maalumu na siku zinaweza kutofautiana, kwa hiyo zisomwe upya kila mkataba na ziandikwe kwenye kalenda siku ya kusaini.

Chukua agizo la saiti la kawaida: "Shusheni msingi huu nusu mita zaidi, udongo si mzuri." Limesemwa tarehe 3 Julai, mchana. Mfumo wa nyaraka unaofanya kazi unazaa mambo manne kutokana na sentensi hiyo. Msimamizi wa saiti anaandika kwenye shajara ya siku jina la aliyesema, saa na namba ya msingi. Anapiga picha ya shimo likiwa na kipimo ndani yake. Ofisi inatuma barua ya uthibitisho ndani ya siku 2 za kazi na kupata muhuri wa kupokelewa. Kalenda inaweka tarehe 31 Julai kuwa siku ya mwisho ya taarifa ya madai. Pasipo hayo, zege ya ziada inamwagwa, na miezi mitano baadaye mpimaji wa mshitiri, yaani mwenye kazi, anauliza agizo liko wapi.

Picha hizo zisitumwe kwa WhatsApp kama picha za kawaida. WhatsApp huzibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwemo tarehe na mahali zilipopigwa. Zitumwe kama waraka, au zipakiwe moja kwa moja kwenye folda ya saiti kutoka kwenye simu iliyopiga. Kuna sababu ya kisheria pia. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinataka uzito wa ushahidi wa kielektroniki upimwe kwa jinsi ulivyotengenezwa, kutunzwa na kusafirishwa, na jinsi uhalisia wake ulivyolindwa. Programu inayoonyesha nani alipakia, lini, na kwamba faili halijaguswa tangu hapo inakujengea hoja hiyo bila wewe kuhangaika. Kundi la WhatsApp lenye watu 43 haliwezi.

Sasa, kununua nini

Kampuni inayoandaa zabuni moja au mbili kwa mwezi, kwa kadirio langu, inatosheka na mpango huu: Google Workspace au Microsoft 365 kwa nyaraka, programu moja ya kupima michoro kwa kompyuta moja, na Excel moja yenye ukurasa wa bei za vifaa ambao kurasa nyingine zote zinausoma. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili, lakini tatizo lake kubwa ni umiliki: faili ni la mtu, si la kampuni. Akiondoka, anaondoka nalo. Hiyo pekee inatosha kulipia akaunti za kampuni zenye hifadhi ya pamoja.

Asiyetaka ada ya kila mwezi anaweza kuweka Paperless-ngx kwenye kompyuta ndogo ofisini yenye UPS. Ni ya bure, inasoma maandishi ya karatasi zilizoskaniwa kwa kutumia Tesseract, ambayo ina lugha ya Kiswahili pia. Washa Kiingereza na Kiswahili pamoja. Skani kwa dpi 300, kwa rangi ya kijivu. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi kamili kwa dpi 300 ni takriban MB 26 kabla ya kubanwa, na wa kijivu ni theluthi yake. Tambua mipaka yake: ni nzuri kwa barua, ankara na vyeti, lakini haikujengwa kusimamia michoro yenye matoleo. Na mihuri iliyogongwa juu ya maandishi huvuruga usomaji, kwa hiyo namba ya barua iandikwe kwa mkono kwenye jina la faili.

Zabuni zikizidi nne kwa mwezi, au ukiwa mkandarasi mdogo wa umeme au mabomba anayetoa bei kila siku kwa wateja binafsi, hesabu inageuka. Huko karatasi za uhalali ni chache, mikataba ni mifupi, na kasi ya bei ndiyo inayoleta kazi. Hapo programu ya zabuni itangulie.

Angalia pia namna ada inavyokokotolewa. Nyingine hutoza kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kampuni huanza kushirikiana nywila ili kupunguza gharama, jambo linaloua kumbukumbu ya nani alifanya nini. Procore hutoza kwa thamani ya kazi za mwaka bila kuhesabu watumiaji, na mwaka wa kazi nyingi unaolipwa kwa kuchelewa utakuumiza. Bluebeam iliacha leseni za kununua mara moja mwaka 2022, kwa hiyo ada ya dola irudi kila mwaka kwenye bajeti.

Usichukulie kusawazisha kuwa ni nakala ya akiba. Faili likifutwa kwenye kompyuta moja linafutika kote, na pipa la Google Drive hujisafisha baada ya siku 30. Weka diski ya nje inayonakili kila Ijumaa na kulala nje ya ofisi. Wasifu wa wahandisi wenye nakala za vitambulisho uwe kwenye folda yenye ruhusa ya watu wawili au watatu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Folda ya bei iwe hivyohivyo. Kiungo cha "yeyote mwenye anwani hii anaweza kufungua" kwenye jedwali la bei wiki ya zabuni ni mlango ulioachwa wazi.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio kwa zabuni mliyokwisha kuiwasilisha. Ingiza BOQ yake, pima ukurasa mmoja wa michoro, linganisha na mlichopata kwa mkono. Kwa upande wa nyaraka, mwombe mtu asiyehusika na mradi atafute cheti cha kukamilisha kazi fulani na barua fulani ya saiti. Akizidi dakika mbili kwa kila kimoja, mpangilio haujakaa sawa, hata kama programu ni nzuri. Mwisho mwambie muuzaji atoe kila kitu nje mbele yako: mafaili kwa majina yake, matoleo yake, tarehe za kupakiwa, na orodha ya bei kwa Excel. Mamlaka ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na usajili wa programu unaweza kukatika mwaka wa pili. Akisema utoaji huo hufanyika kwa maombi maalumu kwa ofisi yao ya ng'ambo, liandike jibu hilo kwenye mkataba, pamoja na idadi ya siku na gharama yake, kabla hamjafika kwenye bei.